Sitara ya Mhitimu, Siri ya Chuo

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, jirani yangu mvuvi alinijia barazani hapa Tongoni akiwa na karatasi ya rangi iliyokunjwa mara nne, akaniomba nimsomee. Si kwamba hajui kusoma, maana anasoma vizuri kuliko wengi wa rika lake, ila alitaka, kama alivyosema mwenyewe, kusikia maneno yale yanatokaje kinywani mwa mtu mwingine. Ilikuwa karatasi ya tangazo la chuo kikuu kimoja cha binafsi, kilicho mbali na mkoa wetu, kifundishacho uhandisi na mambo ya kompyuta. Na chini ya picha ya vijana wanne waliovaa majoho na kofia za pembe nne, wakicheka hata magego yakaonekana, paliandikwa kwa herufi nene kwamba karibu wahitimu wote wa chuo hicho wameajiriwa au wamejiajiri. Binti wa jirani yangu amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya fizikia, kemia na hisabati, na baba yake alikuwa akipima moyoni kama auze fungu lake katika mashua anayoshirikiana na shemeji yake, pamoja na mashine yake, ili apate ada ya mwaka wa kwanza endapo mkopo wa serikali hautatosha. Nilipokwisha kusoma akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa, Mwalimu, hawa 'karibu wote' ni watu, au ni maneno?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku chache, naye, kwa kuwa ni mvuvi na amezoea kungoja maji, akakubali.

Sisi watu wa Tongoni tunaishi jirani na msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo ambayo kwa wingi wake yamesifika pwani nzima, mabaki ya mji ulioitwa Mtangata, ambao merikebu za Vasco da Gama ziliupitia mwaka 1498. Nguzo chache zimesimama, nyingi zimeanguka, vyombo vya kauri vilivyopachikwa kutani vimeng'olewa zamani na wapita njia, na majina ya waliolala chini yake aghalabu hayajulikani. Mtu aliyekulia mahali kama hapa hazugwi upesi na uzuri wa jengo. Nikionyeshwa picha ya ghorofa tano za chuo, zenye vioo vya buluu na bustani mbele, swali langu huwa lile lile ninaloliuliza nipitapo kwenye nguzo: nani aliingia humu, na alikwenda wapi?

Na swali hilo si geni katika lugha yetu. Kabla nchi hii haijawa na chuo kikuu hata kimoja, chuo kwa watu wa pwani kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea kitabu, na kuhitimu kulikuwa kuusoma msahafu kuanzia mwanzo hata mwisho mbele ya mwalimu. (Hitima isomwayo matangani imetoka katika mzizi huo huo, na pengine ndiyo sababu baadhi ya mahafali niliyoalikwa yalinikalia kama matanga: watu wamevaa nyeusi, kina mama wanalia, na hakuna ajuaye mwenye shughuli anaelekea wapi.) Mwalimu wa chuo kile cha zamani hakubandika tangazo mahali popote. Mzazi aliyetaka kumpeleka mtoto aliuliza fulani na fulani walisoma kwa nani, akawasikiliza siku ya Ijumaa, akajua. Kadhalika fundi wa kuunda mashua: wanagenzi wake walijulikana kwa majina, vyombo walivyoviunda vilionekana vikipita mlangoni mwa bandari, na chombo kilichovuja kilivuja mbele ya macho ya watu wote, hata aibu ikarudi kwa aliyemfundisha aliyekiunda.

Chuo kikuu cha leo hakiwezi kuhukumiwa hivyo, maana hukusanya vijana kutoka Kigoma hata Mtwara, kikawatawanya tena baada ya miaka minne, na hakuna kijiji kimoja kiwezacho kuwaona wote wakipita. Hapo ndipo tarakimu ilipochukua kazi ya jicho. Neno langu ni kuhusu tarakimu hiyo, jinsi inavyopatikana, na kwa nini naamini ya sasa haifai kumuuzisha mtu mashua yake.

Nitaanza na nilichokiona kwa macho yangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alihitimu uhandisi wa mitambo miaka minne iliyopita katika chuo cha binafsi ambacho sitakitaja, kwa sababu nilichokiona hapa kingaliweza kutokea kwingine. Anaishi kwa bibi yake, na kazi yake ni kutengeneza mashine za boti na mafriza ya wauza samaki. Nilimkuta asubuhi moja chini ya mkungu karibu na diko, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametandaza gunia mbele yake na juu ya gunia amepanga vipande vya kabureta kwa utaratibu aliovifungulia, kushoto kwenda kulia, ili asipotee wakati wa kuvirudisha. Petroli chafu na chumvi vilikuwa vimeziba kitundu ambacho mimi bila miwani nisingalikiona kabisa; naye alikuwa amechomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, akiupitisha humo taratibu, akipuliza, akitazama juani, akiupitisha tena. Alinipa shikamoo bila kuinua uso, nami nikafurahi, maana fundi anayeinua uso kila apitapo mtu si fundi.

Simu yake ikalia. Akaibana kati ya sikio na bega. Sauti ya dada mmoja, ambayo nami niliisikia, ikajitambulisha kuwa inatoka chuoni kwake, katika ofisi ifuatiliayo habari za wahitimu, ikauliza: ameajiriwa au amejiajiri? Mpwa wangu akasema amejiajiri. Katika fani yake? Akaitazama kabureta, akasema ndiyo. Dada akampongeza, akamwita kaka, akamtakia kazi njema, na simu ikakatika. Yote hayo hayakumaliza dakika moja. "Mjomba," akaniambia, akiuchukua tena uzi wake wa waya, "nimeshaajiriwa."

Malipo ya kazi ile, iliyomchukua hata adhuhuri, yalikuwa shilingi 5,000 na changu wawili waliotungwa kwa ukuti. Na mwenye boti alikumbusha kwa upole kwamba deni la wiki iliyopita bado analo moyoni. Sisemi hayo ili msomaji amhurumie. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili, na ujuzi ulioiwasha ni ujuzi wa kweli, ambao sehemu yake aliupata darasani na sehemu kwa kuharibu mashine za watu. Ninalosema ni kwamba katika daftari la yule dada, mpwa wangu ameandikwa mstari mmoja na mwenzake aliyesoma naye, ambaye yuko kiwandani kwa mkataba, ana bima ya afya na mfuko wa pensheni. Wote wawili ni "karibu wote", na karatasi ya rangi itachapishwa kwa jumla yao.

Kwa nini yule dada hakuuliza kiasi? Nimelifikiri jambo hili sana, nikaona kwamba lawama si yake peke yake, kwani hata mimi, mjomba mtu, sijapata kumuuliza mpwa wangu anapata shilingi ngapi kwa mwezi. Pwani mtu haulizwi mapato yake. Huulizwa kazi inakwendaje, naye hujibu alhamdulillahi, na jibu hilo ni moja kwa mwenye maduka matatu na kwa aliyelala na njaa; na waliolizoea husikia tofauti katika kuvuta kwa sauti, wasiseme. Hiyo ndiyo sitara, nguo ambayo jamii humfunika kila mtu ili aweze kukaa barazani na wenziwe bila kupimwa, na mimi ni wa mwisho kutaka ivuliwe. Msichana aliyehitimu kompyuta na sasa anauza juisi ya miwa stendi ana haki ya kutoulizwa; kijana aliyekubali kufanya kazi mwaka mzima kwa jina la kujitolea, akipewa nauli tu, ana haki ya kuwaambia wazazi wake kwamba yuko ofisini, na kuishia hapo.

Lakini sitara ni ya mtu. Chuo si mtu. Chuo kilichopokea ada, kikatoa tangazo, kikaahidi kazi, hakiwezi kuingia chini ya nguo ileile ya kijana kilichomfundisha na kujifunika nayo, kikijua kwamba kijana, kwa haya yake, hatasema kitu. Hivyo ndivyo mambo yalivyo hivi sasa: aibu ya mhitimu imekuwa ngao ya mwenye chuo.

Na tusidhani kuwa ujanja huu ni wa kwetu au wa nchi maskini. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 Wizara ya Elimu ya Marekani iliitoza faini ya karibu dola milioni 30 kampuni ya Corinthian Colleges, iliyokuwa ikiendesha vyuo vya biashara na ufundi kwa faida, baada ya kuona kwamba vyuo vyake viitwavyo Heald vilikuwa vimepotosha mara nyingi mno hesabu ya wahitimu waliopata kazi. Vilikuwa vikiwalipa mawakala wa kazi za muda ili wawaajiri wahitimu, wengine kwa siku mbili tu, wengine ndani ya majengo ya chuo chenyewe, kisha vikawaandika kuwa wameajiriwa. Na mhitimu mmoja wa uhasibu wa mwaka 2011 alihesabiwa kuwa yuko katika fani yake kwa kazi ya mkahawani aliyoianza mwaka 2006, yaani miaka mitano kabla hajahitimu. Kabla mwezi ule haujaisha kampuni ilikuwa imefunga milango, na maelfu ya wanafunzi wakabaki na madeni. Tazameni vyema: hakuna hata mmoja kati ya wale walioandikwa ambaye si mtu halisi. Walikuwako, walifanya kazi, walilipwa. Udanganyifu wote ulikaa katika neno moja, "ameajiriwa", lililotanuliwa hata likamchukua kila mtu aliye hai.

Hata pale ambapo hapana hila, hesabu ya simu hupinda yenyewe. Aliyefanikiwa hupokea simu ya chuo chake kwa furaha, na aliyekwama huiacha ilie. Aliyebadilisha laini kwa kukimbia madeni hapatikani. Na aliyeacha masomo mwaka wa pili kwa kukosa ada hatafutwi kabisa, kwa kuwa hakuvaa joho, ingawa ada ya miaka miwili ilikwisha liwa. Kwa hiyo chuo huwahesabu wanaojibu kati ya waliopatikana kati ya waliomaliza, kisha hutangaza jibu kana kwamba ni la wote walioingia mlangoni. Ongezeni wastani juu ya hayo. Chukueni vijana kumi, tisa kati yao wakipata shilingi 500,000 kwa mwezi, na wa kumi, aliyebahatika kwenda kwenye visima vya gesi vya Ghuba, akipata 6,000,000: wastani wao ni 1,050,000, na hapana hata mmoja katika kumi hao apataye kiasi hicho wala kinachokikaribia. Kama ningekuwa na mamlaka ningelipiga marufuku neno wastani katika matangazo ya vyuo, niwaamuru wawapange wahitimu mstari mmoja kuanzia wa chini hata wa juu, kisha watuonyeshe yule aliyesimama katikati, na watuambie wangapi wako nje ya mstari.

Upande wa pili nao una tarakimu zake. Mwaka 2014 magazeti ya Afrika Mashariki yalieneza habari zilizotoka kwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, kwamba kwa maoni ya waajiri asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawakuwa tayari kwa kazi, Uganda 63, Kenya 51. Na tangu hapo sijasikia hotuba ya mahafali isiyosema kwamba vijana hawaajiriki. Mwenye chuo anasema karibu wote wameajiriwa, mwajiri anasema zaidi ya nusu hawaajiriki, na wote wawili wanamzungumzia mpwa wangu, ambaye hakuna aliyemwomba risiti ya siku yake hata mmoja.

Basi tufanyeje, ikiwa kuuliza ni kuvunja adabu na kutouliza ni kudanganywa? Jibu langu ni kwamba hapana haja ya kumuuliza mtu, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu imekwisha andikwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya binafsi, na ada huipeleka chuoni moja kwa moja. Tangu sheria ile ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, kila mwajiri mwenye mdaiwa wa Bodi hutakiwa kumkata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, na kuipeleka pamoja na orodha ya majina. Anayekatwa 105,000 ana mshahara wa 700,000. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba aiweza. Maana yake ni kwamba kila mwisho wa mwezi Bodi hupokea, bila kumpigia mtu simu wala kumtia haya, habari ya kila mkopaji aliyeajiriwa rasmi, kwa chuo alichosoma, kozi aliyosoma na mwaka aliomaliza. Inazo pia habari za wale ambao hapana mwajiri aliyewahi kupeleka makato yao, kama mpwa wangu, ambaye kwa mujibu wa masharti hutakiwa alete mwenyewe kiasi kisichopungua 100,000 kwa mwezi, na ambaye siku akizipata ataanza kwa kulipia friji la bibi yake.

Bodi itoe, mara moja kwa mwaka, ukurasa mmoja kwa kila chuo na kila kozi: walioingia wangapi, waliomaliza wangapi, wanaokatwa wangapi baada ya mwaka mmoja, baada ya mitatu na baada ya mitano, na wa katikati yao anakatwa kiasi gani. Majina yasiwepo. Na pale wahitimu wa kozi walipo wachache mno, hata mtu akaweza kukisia nani ni nani, miaka miwili au mitatu ichanganywe pamoja, ili sitara ibaki palepale. Haya si bidaa: Marekani walianza mwaka 2015 kutangaza kwa umma mapato ya waliosoma katika kila chuo kwa msaada wa fedha za serikali, wakiyachota katika daftari za kodi, na Uingereza nao wameunganisha daftari za shule, vyuo na kodi kwa muradi huohuo. Sisi tumekuwa na mijadala mikali juu ya mkopo, na mwaka 2021 wadaiwa walipata nafuu kubwa pale ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni. Lakini mijadala yote hiyo ilimhusu mdaiwa. Chuo kilichoipokea ada, ambacho ndicho pekee kilicholipwa taslimu katika biashara nzima, hakikuitwa barazani.

Najua wenye vyuo watakavyosema, na baadhi ya hoja zao ni za insafu. Watasema kwamba mhandisi hakamiliki siku ya mahafali. Na ni kweli, kwani kwa sheria ya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kijana mwenye shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na ule mpango wa kumweka chini ya mikono ya wahandisi wazoefu, ulioanza mwaka 2003, humchukua miaka mitatu, ambayo posho yake ni ndogo. Ndiyo maana nimesema mwaka wa tatu na wa tano. Watasema kwamba vyuo vya binafsi huchukua vijana wenye alama ndogo kuliko wale wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hivyo kulinganisha ni dhuluma. Basi alama za kuingilia ziandikwe katika ukurasa huohuo, na chuo kilichomchukua kijana wa alama za chini kikamfikisha mahali pa heshima kitaonekana kwa mara ya kwanza kuwa bora kuliko kile kilichopokea wenye vipaji kikawarudisha kama walivyokuja. Yamkini vipo vyuo vya namna hiyo, navyo ndivyo vinavyodhulumiwa zaidi na giza la sasa.

Watasema pia kwamba chuo hakiumbi kazi. Hapo nawaunga mkono kabisa. Mwaka jana, 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalikuwa 135,027, takriban watu 85 wakigombea kiti kimoja. Na hapana ufundishaji, uwe mzuri namna gani, ungaliwakalisha 84 waliobaki. Sisi wa Tanga tumelijua hilo kwa njia yetu. Tangu tarehe 5 Agosti 2017, siku lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta pale Chongoleani, vijana wa ufundi wa mkoa huu wamekuwa wakiishi kwa kutazama kaskazini ya ghuba, na wengine kweli walipata. Lakini bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, likishalazwa, waliolilaza hufunga virago, na anayewapiga picha mwaka wa ujenzi atachapisha tangazo zuri mno. Nani atawapiga picha mwaka ufuatao? Hesabu ya mwaka mmoja, katika mji wa miradi kama wetu, ni sawa na kupima kina cha maji wakati wa bamvua.

Na hapa Tanga tulikuwa na chuo kikuu chetu cha binafsi, kilichobeba jina la Eckernförde, mji wa Ujerumani ulio na urafiki wa siku nyingi na mji wetu. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, hicho kilikuwa miongoni mwao. Sina neno na uamuzi ule. Tume ina kazi ya kulinda ubora, nayo haiwezi kuifanya kwa kubembeleza. Lakini ukaguzi wa vyuo huhesabu zaidi vinavyoingia, yaani walimu wangapi na shahada zao, vitabu vingapi, maabara ya namna gani. Huo ni sawa na kumkagua fundi wa mashua kwa misumari na mbao zake, bila kwenda pwani kuuliza kama vyombo vyake vinaelea. Mzazi aliyemsomesha mtoto wake pale angalijua mapema zaidi, kwa ukurasa mmoja wa kila mwaka, kama alikuwa akinunua kitu au akinunua joho.

Ipo hoja moja iliyobaki, nayo ndiyo inayonikera kwa sababu naipenda. Nayo ni kwamba elimu si mshahara. Hapa jirani yetu, Machui, amelala mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliyeitumikia serikali ya kikoloni kwa ukarani, katika forodha, katika idara ya wanyama na katika ofisi ya upimaji. Na kama angalipimwa kwa bahasha ya mwisho wa mwezi angaliandikwa karani wa kawaida, asitajwe tena. Nakubali. Laiti vyuo vyetu vya ufundi vingekuwa vikiuza hicho, vikawaambia wazazi: tuleteeni mtoto wenu tumfundishe kufikiri, riziki yake iko kwa Mungu. Ningelisimama upande wao. Lakini karatasi ya rangi haikutaja kufikiri mahali popote. Ilitaja kazi. Na mwenye kuuza kwa mizani ya kazi hana budi apimiwe kwa mizani hiyohiyo, asije siku ya kudaiwa akaikimbilia hekima.

Zile siku chache nilizoomba kwa jirani yangu zilipokwisha, nilivaa miwani, nikaipiga namba iliyoandikwa chini ya ile karatasi. Aliipokea kijana mmoja mwenye adabu nyingi, aliyenipa shikamoo kabla hajajua mimi ni nani. Nikamwuliza, kwa niaba ya mwenye mashua, mambo mawili: kati ya walioingia kusomea uhandisi wa umeme miaka saba iliyopita, wangapi walimaliza, na yule wa katikati yao leo anapata kiasi gani. Akaniomba nisubiri. Nikasikia viti vikisogezwa, watu wakisemezana, mlango ukifunguliwa na kufungwa, na fedha ya simu yangu ikiyeyuka. Aliporudi alikuwa ameshusha sauti, kama mtu aliyeulizwa mapato ya baba yake.

"Mzee wangu," akasema, "hilo hakuna aliyewahi kutuuliza." Kisha akataka kujua kama mtoto angependa kukaa hosteli, maana vyumba vya watu wanne vimebaki vichache.